Boksi la Taa na Kompyuta ya Rhobi

Magesa mwenyewe anakubali, tena husema bila kuulizwa: siku ile kule Bunda, mjinga alikuwa yeye. Si muuzaji. Si kompyuta. Ni yeye, mtu aliyeanza kununua na kuuza ng'ombe kabla hajaota ndevu.

Magesa anaishi Mwisenge, Musoma, na mkewe Gati na binti yao Rhobi. Wana duka la nafaka. Asubuhi Gati hufungua duka, Magesa hupima mahindi, Rhobi huandika mzigo. Jioni Rhobi hukaa na simu yake, akitangaza mtandaoni mechi za mpira wa kwenye gemu. Watu humfuata kwa sababu ya mdomo wake. Mchezaji akikosa goli la wazi, Rhobi humwambia aende akamwombe radhi mama yake.

Siku moja akapigiwa simu na Chrispin, kijana anayeandaa mashindano ya gemu.

"Rhobi, tuna mashindano Butiama, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nataka uyarushe laivu. Lakini si kwa simu. Njoo na kompyuta yenye nguvu. Gemu ichezwe humo humo, irushwe humo humo. Ukiweza, mashindano yote ya mwaka huu ni yako. Usipoweza, kuna jamaa wa Mwanza anasubiri."

Familia ikakaa, ikaamua. Magesa akauza madume yake mawili ya kulimia, yaliyokuwa yakitunzwa Nyamuswa na kaka yake, Mugeta. Mugeta akanuna.

"Tulikuwaga tunalimia hao," alisema. "Sasa shamba nitalilima na kompyuta?"

Rhobi aliandika kwenye karatasi vifaa anavyovihitaji. Akataka waende dukani pamoja. Magesa akacheka.

"Mwanangu, mimi nimenunua ng'ombe kwa watu wa ujanja wa kila namna. Leo boksi linishinde?"

Akaitia karatasi mfukoni, akapanda basi la Bunda.

Dukani akaliona. Boksi kubwa, jeusi, ubavu wa kioo, na ndani feni tatu zinawaka nyekundu, bluu na kijani. Magesa akalizunguka kama anavyozunguka dume mnadani. Akalitazama kwa nyuma. Akalipiga kofi la mgongo. Akaomba liwashwe, likawaka.

"Unataka ya kazi gani, mzee?" muuzaji akauliza.

"Kazi kubwa."

"Kubwa ya namna gani?"

"Wewe taja bei."

Wakavutana bei nusu saa nzima. Magesa akapunguziwa, akatoka kifua mbele. Ile karatasi haikutoka mfukoni.

Nyumbani Rhobi akafungua gemu. Mchezaji akatembea kama yuko kwenye tope la mpunga. Akajaribu kurusha laivu. Picha ikaganda, mpira ukiwa hewani. Ukakaa huko huko hewani.

"Labda unapumzika," Magesa akasema.

Gati hakucheka. "Baba Rhobi, zimebaki siku kumi na mbili. Madume yameshaondoka. Risiti iko wapi?"

Kwa bahati, risiti ilikuwepo. Ilikunjwa pamoja na ile karatasi isiyosomwa.

Asubuhi wakalibeba boksi kwa bajaji mpaka mjini kwa Diana, fundi wa kompyuta. Diana akafungua ubavu, akachungulia ndani.

"Mzee Magesa, hii ni kompyuta nzima, haina ugonjwa. Kuandika barua za ofisi inafaa. Lakini prosesa yake ni ya zamani, na kadi ya picha haina kabisa."

"Na taa je?"

"Taa ziko sawa. Taa ndizo ulizonunua."

Rhobi akageukia ukutani ili baba yake asione anavyocheka.

"Hebu nikuulize, mzee," Diana akasema. "Ukinunua dume la kulimia, unatazama ngozi?"

"Ngozi ya nini? Natazama shingo. Natazama miguu. Na namtazama mwenzake wa kwenye nira. Ukimfunga mwenye nguvu na mnyonge, jembe linakwenda upogo."

"Basi unajua kompyuta kuliko unavyodhani. Prosesa ndiyo inayofikiri. Kadi ya picha ndiyo inayochora gemu. Hao wawili wamefungwa nira moja. Ukinunua mmoja wa bei kali na mwingine mnyonge, mwenye nguvu atamsubiri mwenzake, na hela yako imelala."

Magesa akavuta kiti. "Sasa tuanze na kifaa kipi?"

"Tuanze na kazi, ndiyo twende kwenye vifaa. Rhobi, gemu gani, na skrini gani?"

Rhobi akamweleza: gemu ya mpira, skrini ya kawaida, kucheza na kurusha kwa wakati mmoja.

"Basi fungu kubwa liende kwenye kadi ya picha. Chukua ya miaka ya karibuni. Hizo zina sehemu maalumu ya kuandaa video inayorushwa, kwa hiyo prosesa haielemewi. Prosesa ya kati itakutosha. Ramu, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, chukua GB kumi na sita, vipande viwili vya nane nane. Diski iwe SSD, ili gemu ifunguke haraka."

"Na boksi?" Magesa akauliza kwa sauti ya chini.

"La bei ndogo, linalopitisha hewa vizuri. Boksi halichezi gemu, mzee."

"Pawasaplai nayo?" Rhobi akauliza. "Nimeona za bei rahisi."

"Hapo usibane mkono. Hiyo ndiyo inayogawa umeme kwa wote. Mbovu ikiungua, inaweza kuondoka na wenzake. Nunua ya kampuni inayojulikana, yenye nguvu kuzidi kidogo unayohitaji. Na kabla hujalipa chochote, hakikisha prosesa inakubaliana na madabodi, ule ubao unaobeba vyote. Hakikisha pia kadi inaenea ndani ya boksi."

Rhobi akapiga hesabu. "Dada Diana, hela haifiki."

"Itafika. Kadi nunua iliyotumika. Lakini uione ikifanya kazi. Gemu ichezwe nusu saa. Ikizima, au ikichora madoa, ondoka. Hela itakayobaki, nunua maikrofoni nzuri na UPS, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika. Na mwambie Chrispin apime mtandao wa ukumbini. Apime kasi ya kupandisha data, maana kurusha ni kupandisha."

Kesho yake baba na binti wakaenda Bunda. Muuzaji alipokea boksi lake, akarudisha hela, akikata kidogo kwa kuwa lilishatumika. Wakachukua vifaa alivyovitaja Diana. Muuzaji akamwonyesha Magesa kibodi inayowaka taa.

"Ndani kuna nini?" Magesa akauliza.

"Ndani ya kibodi?"

"Ndiyo. Siku hizi nauliza."

Kadi ya picha waliipata Buhemba kwa Clementi, aliyekuwa anauza kwa sababu anataka kuoa. Akawasha gemu kwenye kompyuta yake. Baada ya dakika tano akataka kuzima.

"Mmeshaona, mzee. Inapiga kazi."

"Dume la kulimia halinunuliwi limesimama," Magesa akajibu, macho kwenye saa yake. "Bado dakika ishirini na tano."

Nusu saa ikatimia. Kadi haikuzima, haikuchora doa hata moja. Diana akaunga kila kitu, na jioni ile mchezaji wa Rhobi akakimbia kama amefunguliwa zizini. Rhobi akarusha laivu saa mbili bila picha kuganda. Chrispin akatazama kwa simu, akaandika neno moja: "Njoo."

Jumamosi Rhobi akaenda Butiama. Magesa na Gati wakabaki Mwisenge, wakiunganisha simu na televisheni. Mugeta naye alifika kutoka Nyamuswa, kuona, kama alivyosema, mahali madume yalipozikwa.

Kwenye nusu fainali, ukumbi ukasikika ukipiga kelele: taa zimezimika. Magesa akashika kichwa. Lakini gemu ikaendelea kuonekana, na sauti ya Rhobi ikaendelea: "Umeme umekatika, beki naye amekatika, na hili ni goli." UPS ilishikilia mpaka jenereta likawashwa. Watazamaji wakazidi kuongezeka.

Nusu fainali ilipoisha, Rhobi akapiga simu. Chrispin ameshampa mashindano yote yaliyobaki mwaka huu, ya Bunda na ya Musoma, na ameshamlipa ya leo.

"Mmesikia?" Magesa akasema. "Kazi imepatikana."

Mugeta akatikisa kichwa, amekaa kwenye kochi lililo mbele kabisa ya televisheni. "Kazi gani hiyo? Mimi naona ni mchezo wa watoto tu. Mtu mzima mwenye akili zake atakaa kutwa kuwaangalia watoto wakibonyeza vidude?"

"Shemeji," Gati akasema, "umekaa hapo tangu saa nane na chai yako imepoa. Hebu sogeza kichwa, na sisi tuone fainali."