Tangazo Kwenye Gari la Gemu

Jumanne, tarehe 16 Machi 2004, rafiki yangu Fulgence alimlindia mpwa wake Dorine kibanda cha gemu pale Majengo. Dorine akamfungia kwa nje ili wateja wasiingie, akaenda sokoni. Fulgence akaendesha gari la kwenye gemu, akibadilisha stesheni za redio ya gari hilo, zote nyimbo za Kizungu. Mara umeme ukakatika, runinga ikazimika, giza likatanda. Redio ya gari ikaendelea kuimba. Aliposikia hatua za Dorine akirudi, akaugonga mlango wa bati.

“Dorine! Nifungulie!”

“Mjomba, unaogopa giza mchana huu? Ngoja, nautafuta ufunguo kapuni.”

Nyuma ya Fulgence wimbo ukakoma, sauti tulivu ikasoma kwa Kiswahili: “Tunasikitika kutangaza kifo cha Fulgence Komba wa Msamala. Habari ziwafikie mkewe Lidwina, aliyeko Namtumbo, na Dorine, aliyeko mlangoni akitafuta ufunguo.”