Ngoma Iliyokatwa

Kifuniko cha sufuria kilitikisika jikoni, na jiko halikuwa limewashwa.

Kavinya hakukijali. Alikuwa na hasira zake. Tangu asubuhi alikuwa sebuleni kwao, mtaani Mbotela, laptopu mapajani, akiihakiki filamu ya Muoki, kijana waliyesoma naye, na gazeti lilitaka uhakiki huo kabla ya uzinduzi wa jioni. Muoki alitaka kuzienzi zile filamu za zamani za bei rahisi, za damu na visasi, walizokuwa wakizitazama kwenye vibanda vya video. Basi akaipaka picha mikwaruzo ya makusudi, akamwaga damu ambayo hata mtoto angejua ni tomato sosi, na maiti zake zikawa zinapepesa macho. Ukiiga kunya kwa tembo utapasuka msamba, na Muoki alipasuka mapema. Watengenezaji wa zamani walitoa filamu mbovu kwa kukosa vifaa. Huyu alikuwa na vifaa vyote, akautafuta ubovu kwa tochi! Kavinya alikereka mpaka kichwa kikamgonga.

Kitu kimoja tu kilikuwa cha kweli: kilumi, ngoma ya Wakamba ya kuita majini. Ilianza shujaa alipomnyemelea adui yake, ikapanda, ikazidi kupanda, kisha bunduki ikalia na ngoma ikakatwa ghafla. Kavinya aliirudisha tena na tena, akitafuta maneno ya kuutukana mkato ule. Kila alipoirudisha kifuniko kilitikisika, na sasa nyumba ilinuka ugoro, ilhali hakuna aliyeutumia humo.

"Kavinya." Mama yake, Syombua, aliyekuwa jikoni akimenya viazi, aliita kwa sauti ya chini. "Hiyo ngoma umeitoa wapi?"

"Ni filamu tu, mwaitu."

"Izime. Niliicheza kabla sijaokoka. Jini ni mgeni; akiitwa huulizwa anataka nini, kisha anapigiwa ngoma ya kumuaga. Hiyo inamwita halafu inamwacha hapo."

"Nimalize kazi kwanza, tafadhali."

Akairudisha mara moja zaidi, na ngoma ilipokatwa akasikia sufuria ikianguka, akakimbilia jikoni, akamkuta mama yake amepiga magoti katikati ya viazi vilivyotawanyika, mabega yakimruka kwa mdundo uleule ambao laptopu ilikuwa imekwisha kuunyamazisha, macho yamegeuka meupe, na kinywani mwa mwanamke huyo aliyeongoza nyimbo za akina mama kanisani ikatoka sauti nzito ya mwanamume.

"Malizieni ngoma yangu."

Kavinya alimpigia Muoki simu.

"Niaje, Kavinya! Umeipenda?"

"Nitumie ile kilumi nzima. Sasa hivi!"

"Haiko. Ilikuwa ndefu, watu wangeboeka, nikaikata pale bunduki inalia. Iliyobaki tulifuta."

"Na aliyeipiga?"

"Yule mzee? Alitukataza tusiikate, eti mgeni ataudhika. Tukacheka. Alikufa hata kabla hatujamaliza kuhariri." Muoki akashusha pumzi. "Lakini leo ukumbi umejaa. Nimemleta hata mamangu kutoka Kitui."

Kavinya alitaka kumtukana, lakini nyuma yake mama alianza kukoroma kama anayekabwa. Akaitupa simu, akauvuta mtungi mtupu wa maji, akaupiga kwa viganja. Kwa kuirudisha ngoma ile kutwa nzima alikuwa ameyajua mapigo yake yote. Mabega ya mama yakatulia. Pumzi ikamrudia. Machozi yakimtiririka, Kavinya akaendelea kupiga, ngoma ikapanda, ikazidi kupanda, mpaka akafika pale bunduki ilipolia.

Hapo mikono yake ikasimama. Mbele ya hapo hakujua kitu.

Syombua aliinua uso polepole, akamtazama mwanawe kwa macho meupe.

"Tena," ile sauti ikasema. "Kutoka mwanzo."