Nilimzuia Mama Kupeleka Karatasi

"Nani amelipokea?"

Hilo ndilo swali aliloniuliza mama, nami sikuwa na jibu. Kwenye kompyuta paliandikwa kwamba ombi lake la kibali cha ujenzi limepokelewa. Na nani? Hapakuwa na jina, wala saini, wala muhuri. Nilicheka. Nikamwambia aliyepokea ni mfumo, si mtu.

Mama akasema, "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Sasa nina miaka thelathini na moja. Wakati ule nilikuwa na ishirini na mitano, nina shahada ya chuo kikuu na sina kazi, nimerudi Sumbawanga kukaa na mama katika chumba cha kupanga pale Katandala. Chuoni nilijifunza kuhoji. Nilihoji mahubiri ya padri, nilihoji wanasiasa, nilihoji hata mahari... Akili yangu mwenyewe ndiyo sikuwahi kuihoji.

Baba alipofariki, kaka zake walituondoa shambani. Mama hakugombana nao. Aliuza maksai wawili waliokuwa wakivuta plau, akanunua kiwanja pembeni ya mji. Alitaka vyumba viwili tu, mahali ambapo hakuna mtu wa kumwambia ondoka. Lakini kiwanja kilikuwa na sharti: upate kibali cha ujenzi na msingi uwe umesimama kabla ya muda uliopangwa, la sivyo kinarudi serikalini, anapewa mwingine. Ilibaki miezi minne.

Mama alijiandaa kama watu wa rika lake wanavyojiandaa. Fomu, ramani, barua ya mtendaji wa mtaa, vyote nakala mbili. Moja unaiacha masjala. Ya pili mzee wa masjala anaigonga muhuri, anaweka saini, unaondoka nayo. Kila baada ya wiki mbili unarudi, unamwamkia, unamwonyesha nakala yako, naye anafungua jalada na kukuambia shauri limefika meza gani.

Mimi niliuita utaratibu huo kuombaomba. Nilimwambia mama kwamba rushwa inalala kwenye karatasi. Wakati huo njia zote mbili zilikuwa wazi, karatasi na mtandao, na mimi ndiye niliyemchagulia.

Nilimpeleka kwa Prisca, rafiki yangu tangu shule ya msingi, aliyekuwa na steshenari karibu na soko. Nusu ya mtaa walitumia duka lake. Asiye na barua pepe, Prisca alimfungulia, akaweka namba ya simu yake mwenyewe, na neno la siri lilikuwa moja kwa watu wote. Hakuna aliyeona ajabu. Ndivyo tulivyofanya.

Mimi nilikuwa na barua pepe yangu. Lakini wiki ile nilikuwa nimepata kibarua Kipili, kando ya Ziwa Tanganyika, kuandika takwimu za samaki wanaoshushwa mwaloni, na mtandao huko ni wa kubahatisha.

"Weka namba yangu, msomi," Prisca aliniambia. "Wewe nenda kahesabu migebuka, mama yako niachie mimi."

Tukacheka. Nikaweka.

Nilikaa Kipili zaidi ya miezi minne. Kila nilipopata mtandao nilimuuliza Prisca, naye alinijibu kwamba bado wanachambua maombi. Hata siku za mwisho za muda wetu alisema ombi likiwa mezani kiwanja hakiguswi. Niliamini! Mimi niliyekuwa nabishana na maprofesa, nilishindwa kumuuliza rafiki yangu anionyeshe ujumbe mmoja tu...

Niliporudi nilipitia kiwanjani kabla ya kufika nyumbani. Nilikuta mtaro umechimbwa na mawe yamemwagwa. Nilimuuliza fundi anamjengea nani. Akanitajia kaka yake Prisca.

Nilikwenda ofisi ya ardhi. Kijana mmoja akanisomea habari yote. Ombi letu lilirudishwa wiki ya pili tu, kwa sababu ukurasa mmoja wa ramani haukusomeka. Tulitakiwa kuutuma upya. Ujumbe ulitumwa mara tatu kwa namba niliyoandika, hakuna aliyejibu, ombi likafungwa. Muda ulipoisha kiwanja kilitangazwa tena. Kaka yake Prisca aliomba siku hiyohiyo.

Prisca hakukana. Aliendelea kutoa fotokopi za mteja huku akiniambia, "Kingechukuliwa tu na mtu. Si afadhali mtu tunayemjua?"

Nililalamika kila ofisi. Wakaniuliza ushahidi uko wapi. Ushahidi gani? Namba ile niliiandika kwa mkono wangu!

Mama hakunifokea hata mara moja. Laiti angenifokea... Aliishi miaka miwili zaidi katika chumba kile cha kupanga, na jeneza lake likatokea humo. Siku ya tatu ya msiba mwenye nyumba aliniita pembeni, akaniuliza matanga yanaanuliwa lini.

Wasomaji wenzangu, sisemi mrudi kwenye karatasi. Mfumo haukumwibia mama yangu. Aliyemwibia ni mtu, na mimi ndiye niliyemfungulia mlango. Wekeni namba zenu wenyewe. Fungueni maombi yenu kwa macho yenu. Na mzazi asiyejua kompyuta akikuuliza swali, usimcheke, hasa ukiona huna jibu.

Mwaka jana, baada ya misa ya kumbukumbu ya mama, mzee wa masjala, ambaye sasa amestaafu, alikuja kunipa pole. Akanieleza jambo ambalo mama hakuwahi kuniambia. Nikiwa Kipili, mama alipita ofisini kuuliza habari. Mzee alitafuta jalada, hakuliona. Akamwambia alete karatasi zake, azigonge muhuri palepale, maana muda bado ulikuwepo.

Mama alikataa. Alimwambia, "Binti yangu ameshapeleka. Nikileta na mimi, watu watasema hajui kazi."