Tangi Lililochelewa Kujaa

Risasi ya kwanza ilivunja vioo vyote viwili vya pikipiki. Ya pili ikamchana bega.

Nyigu hakupunguza mwendo. Aliilaza Yamaha ubavu, akaiacha iteleze mpaka ikagonga geti la kiwanda cha chupa na kulipinda, naye akabingirika nyuma ya mapipa. Mlinzi bandia akachungulia. Kitu cha mwisho alichokiona duniani ni mdomo wa Glock.

"Nyigu, unanisikia?" Sauti ya Mkuu ilikwaruza sikioni.

"Nakusikia, Mkuu."

"Lori kwanza. Bunduki hizo zikitoka nje ya uzio, wiki ijayo watu watauawa kwenye foleni za kupiga kura. Mengine yote baadaye."

Mengine yote alikuwa mdogo wake.

Mdogo wake ndiye fundi wa kompresa, mashine ya kushindilia hewa, kiwandani hapo. Juzi alimpigia simu akicheka. "Dada, tangi langu la hewa lina vituko. Zamani lilichukua muda kujaa. Siku hizi mota ikiwaka tu, mshale wa geji ya presha huo juu, mota inazima. Hewa ikitumika kidogo, inawaka tena. Kama mtu mwenye kwikwi. Humo ndani kuna kitu kimekaa mahali pa hewa."

Jana simu yake haikupatikana.

Isuzu la bluu lilikuwa linageuza uani, masanduku yamepangwa juu. Nyigu akapasua matairi mawili ya mbele. Lori likapiga magoti. Dereva akaruka na bunduki mkononi. Akapokea risasi mbili kifuani kabla miguu yake haijagusa chini. Mwenzake akatokea upande wa pili na panga. Nyigu akamvunja goti kwa teke, kisha akamzimisha kwa kitako cha bastola.

"Lori limekaa, Mkuu."

"Umechelewa," mtu akasema.

Alikuwa Glavu, mgeni aliyegharamia njama yote, mtu wa kuvaa glavu za ngozi hata juani. Alijikinga nyuma ya ukuta wa zege, akitazama saa yake.

"Mdogo wako nimemfunga chumba cha kompresa. Valvu ya usalama nimeiziba. Swichi ya presha nimeiunga moja kwa moja, mota haizimi tena. Tangi linapasuka sasa hivi. Watasema fundi mzembe, watazika, yataisha."

Mota tu ikinguruma kwa mbali.

Glavu akatazama saa tena. Akakunja uso.

Nyigu alikuwa ameshakimbia. Kuelekea kwenye ngurumo.

Chumba kilikuwa cha moto kama tanuri. Mdogo wake alikuwa sakafuni, amefungwa waya kwenye mguu wa tangi, jicho moja limevimba. Juu yake mshale wa geji ulikuwa umepita alama nyekundu, ukitetemeka.

Nyigu akabonyeza kitufe cha kuzima mota. Hakikufanya kitu.

"Valvu ya kutolea hewa?"

"Ameng'oa mpini wake. Toka, dada."

"Nyamaza, nafikiri."

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Glavu aliingia na bastola, amekuja kuona kwa nini bado kiwanda kimesimama. Nyigu, bastola yake imeisha risasi, akaegemea tangi, mikono chini.

"Piga. Ikinikosa mimi, inalipata hili. Tunaondoka wote watatu."

Kidole cha Glavu kikasita. Akatupa bastola, akaokota spana ya bomba.

Pigo la kwanza lilimvunja Nyigu mbavu. La pili alilikwepa, likachimba ukuta. Akamng'ata Glavu mkono hadi ngozi ya glavu ikapasuka, akapigwa kichwa, akaanguka. Damu ikamjaa mdomoni. Pembeni yake, kutoka kwenye tangi, ilipita hosi nene, mpira wa hewa wa kusafishia vichujio, imekaza kama mshipa.

"Dada, hosi," mdogo wake akasema. "Halafu lala."

Nyigu akachomoa kisu kwenye buti, akakata.

Hewa ililia. Hosi ikaruka kama chatu aliyechomwa, ikachapa dari, ikachapa mashine, ikampata Glavu chini ya kidevu. Taya lilivunjika kwa sauti kavu. Alipoanguka ikamrudia, mara ya pili na ya tatu, mpaka hakuwa na uso wa kutambulika.

Mshale ukaanza kushuka.

Baadaye, mdogo wake akiwa amefunguliwa na mota imezimwa kwenye swichi kuu ya kiwanda, walikaa sakafuni bega kwa bega.

"Alilipima kwa saa yake tangi likiwa limejaa bunduki," mdogo wake akasema. "Leo asubuhi wakazitoa zote. Hakufikiria kwamba tangi tupu linakula hewa zaidi."

"Nyigu," Mkuu akaita. "Na mengine yote?"

"Ni mzima, Mkuu."

"Mwambie umekata hosi mpya kabisa," mdogo wake akasema, huku akimfunga dada yake bega kwa kitambaa cha kufutia grisi. "Mama akiuliza hili bega?"

"Mwambie nilianguka na pikipiki."

"Si uongo."

"Ndiyo maana."

Nyigu akainua Yamaha yake, akavaa miwani ya jua, akapita kwenye geti lililopinda. Hakutazama nyuma, hata kioo cha kutazamia hakikuwepo. Wiki ijayo watu wangepanga foleni, na wangelalamikia jua tu.