Pakiti ya Njano

Simu ilitetemeka saa sita kasoro dakika nane.

"Wali umeungua," sauti ikasema.

Maana yake: mtungi wa gesi ya sumu umetegwa kiwandani. Jasusi Fan Sok-yin akapanda ngazi mbili mbili. Hakuogopa. Tangu amzike mumewe hakuwa akihisi kitu; hata chai ya moto ilimpita kooni kama maji ya bomba.

Chini, bwaloni, dada yake Sok-mui alikuwa akipakua supu. Kengele ya chakula ikilia saa sita kamili, watu mia tatu wangeingia humo.

Chumba cha majaribio kilikuwa na mashine arobaini. Kila moja ilikuwa na sanduku lake la vipimo, la bati, kubwa kama tofali, na juu yake pakiti ya Guai Guai, bisi za mahindi zenye jina la kuiambia mashine itulie. Hsinchu, mji wa viwanda wa Taiwan, fundi hawashi mashine bila hiyo, tena ya kijani tu.

Mojawapo ya masanduku hayo lilikuwa la mtegaji. Alizipitia pakiti moja moja. Kijani. Kijani. Kijani.

Njano.

"Mzee Peng," aliita redioni. Peng alikuwa fundi wa idara ya ujasusi. "Nimeliona sanduku. Mtegaji kaweka ya njano."

"Njano? Huyo hakulelewa huku. Hiyo si kuiambia mashine igome? Nipe nyaya."

"Mweusi unashuka kwenye mtungi, juu ya dari ya bwalo. Mwekundu unatoka kwenye kengele."

"Sikia, mwanangu. Sanduku linatoa volti kumi kuubana mdomo wa mtungi. Kengele ikilia, mwekundu unaruka kutoka sifuri hadi volti tano. Mruko huo ndio amri. Sanduku likiuona, linaachia."

"Nilizime."

"Volti zikiisha, mtungi unafunguka."

"Niukate mwekundu."

"Ukiukata unapanda wenyewe. Mruko ule ule."

Dakika mbili.

"Sasa?"

"Ushikilie chini. Uunge na bati la sanduku. Sifuri ibaki sifuri."

Sok-yin akachomoa kibanio cha nywele. Akauchuna mwekundu kwa meno, akaubana kwenye ukingo wa bati.

Kengele ikalia.

Kibanio kikapata moto. Mtungi ukanyamaza.

Mlango ukafunguka. Mwanamume wa ovaroli, kinyago cha gesi shingoni, alikuja kuona kwa nini kazi yake imelala. Akakutana na mdomo wa bastola ya Glock.

"Umelijuaje?" akauliza akifungwa pingu. "Yapo arobaini."

"Nani alikuuzia ya njano?"

Hakuelewa swali.

Majasusi wenzake walipoutoa mtungi, Sok-yin aliichukua ile pakiti, akaipasua, akashuka ngazi akitafuna. Simu ikalia. Sok-mui.

"Umekula, dada?"

"Nakula."

"Nini?"

Akatafuna tena, taratibu. Kwa mbali, kitu kiliuwasha ulimi.

"Pilipili," akasema. "Niwekee supu."