Jiwe Lililolala Kifudifudi

Wingu la ziwani halipigi hodi. Odeta aliliona likiinuka upande wa Ukerewe, jeusi kama sufuria ya kuni, akakumbuka jambo moja tu: madirisha ya makumbusho yako wazi.

Akambeba mwanawe Shimba mgongoni, akakaza mbeleko, akashika njia. Ilikaribia saa kumi na mbili na nusu jioni. Kesho wageni wangekuja kutoka Mwanza, na paa la lile ghala lilivuja hata bila kusaidiwa na dirisha.

Lilikuwa ghala la ushirika zamani. Pamba ya vijiji vyote vile vya nje ya Magu ilijazwa humo mpaka darini. Walipokuja wanunuzi binafsi na mizani yao wakaitundika chini ya miti, ghala likabaki na popo. Ndipo Mwalimu Luhende, mstaafu wa shule ya msingi, alipopita nyumba kwa nyumba akiomba vitu vya wazee kabla havijaoza: majembe, vibuyu, ngoma, viti vya miguu mitatu. Hakuna aliyelipwa. Odeta alifagia na kufuta vumbi kwa sababu Mwalimu alimfundisha mpaka darasa la saba, na hakuwahi kumchapa bila kosa. Mambo kama hayo Odeta hakuyasahau.

Njiani Shimba alimlemea. Akasimama mara mbili kuvuta pumzi.

Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Tangu aachishwe ziwa alikataa kula. Uji aliutema, ndizi aliitema, maziwa aliyatapika. Mstari kwenye kadi ya kliniki ulishuka kutoka rangi ya kijani hadi kijivu, kisha ukaingia kwenye nyekundu. Baba yake alikuwa Mwanza, akikata minofu ya sangara kiwandani, na kila barua yake iliuliza jambo lile lile: mtoto anakula?

Kisha, wiki tatu zilizopita, mtoto akala.

Ilikuwa kwa sababu ya unga. Jirani mmoja aitwaye Chenge, aliyenunua mashine ya kusaga, alileta jiwe la kusagia la marehemu bibi yake, Kashindye. Lilikokotwa na ng'ombe, likashushwa na wanaume wanne. Kwao, jiwe lile lilikuwa limelala kifudifudi nyuma ya kihenge cha nafaka tangu Chenge mwenyewe hajaota meno. Mwalimu akaagiza ligeuzwe, wageni waone lilivyolika katikati kwa mikono ya mwanamke mmoja. Odeta akalisugua mpaka likang'aa. Wakaweka juu yake konzi ya uwele, na lile jiwe dogo la kushika mkononi, ili watoto wa shule waelewe.

Asubuhi yake ule uwele ulikuwa unga. Laini, wa kijivu. Asubuhi iliyofuata, unga tena.

Odeta hakuuliza. Alijua ni Mwalimu. Ndivyo alivyokuwa yule mzee, anatenda wema halafu anajificha. Akawa anaukusanya ule unga kwenye kikombe, anapika uji, na Shimba anaunywa wote na kulamba kijiko. Kliniki, nesi alimtundika mtoto kwenye mzani, akautazama, akaugonga kwa kidole, akautazama tena. Alisema amepanda kilo tatu. Halafu akashika mkono wa mtoto, mwembamba kama kijiti, akakunja uso.

Na mwili wake ulikuwa baridi, hata kwenye jua la mchana. Na alikuwa halii tena. Jioni alitazama nyuma ya bega la Odeta, akatabasamu na kusema, "Mayu."

Ndivyo Msukuma anavyomwita mama yake.

Lakini mama yake alikuwa mbele yake.

Kwenye kona ya mwisho akakutana na Mwalimu Luhende akikokota baiskeli. Akamwamkia, akamweleza habari za madirisha. Mwalimu akamkabidhi ufunguo, akijilaumu kwa usahaulifu wake. Odeta akaona ndiyo nafasi ya kumshukuru kwa ule unga.

"Unga gani?" Mwalimu akauliza.

"Unaonisagia kila siku, Mwalimu. Mtoto anaula."

Mzee akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Mimi nilidhani ni wewe unayesaga. Nikasema, huyu binti anajituma, wageni watafurahi." Akapangusa tone la mvua kwenye paji la uso. "Na uwele wenyewe uliisha, Mama Shimba. Mimi niliweka konzi ile ya kwanza tu. Wewe umeongeza?"

Odeta hakuwa ameongeza hata punje.

Mwalimu akasema pengine ni panya. Wote wawili walijua panya hasagi. Akataka warudi pamoja, lakini goti lake lilikuwa bovu na mvua imeshafika, na Odeta alikuwa ameshaanza kukimbia. Hakuyakimbilia madirisha tena. Alitaka kujua mwanawe amelishwa nini kwa wiki tatu.

Mlango ulilia ulipofunguka. Ndani kulikuwa na giza la maji ya ugoro. Odeta akamfungua Shimba, akamlaza kwenye mkeka, maana kwa uzito ule asingeweza kunyanyuka kuyafikia makomeo ya juu. Akafunga dirisha la kwanza. Akafunga la pili.

Kwenye la tatu, akasikia.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Akajiambia ni mvua kwenye bati. Lakini mvua haina pumzi. Na kati ya kwaru moja na nyingine ilisikika pumzi, fupi, ya mtu aliyepiga magoti na kuchoka.

Harufu ikamfikia. Unga mpya. Na chini ya harufu hiyo, nyingine, ya kihenge kilichofungwa miaka mingi.

Akageuka.

Mkeka ulikuwa mtupu.

Shimba alikuwa ameketi mbele ya jiwe, mdomo wazi kama kinda la ndege. Ng'ambo ya jiwe kulikuwa na mtu. Mgongo umepinda, kichwa chini, viwiko vinakwenda na kurudi, vinakwenda na kurudi. Odeta alifungua mdomo kupiga kelele, na kilichotoka ni kile alicholelewa nacho.

"Shikamoo, bibi."

Jiwe likanyamaza.

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa kavu, ya chini sana. "Mtoto wako alikuwa na njaa."

"Naomba mtoto wangu, bibi."

"Wangu walikuwa watano." Mkono mmoja ukapapasa jiwe. "Mwaka wa njaa ile. Uwele ulipokwisha nikasaga jiwe tupu... wasikie sauti. Wajue chakula kinakuja. Wakalala wakisubiri."

Odeta aliingiwa na huruma iliyoishinda hofu. Akasogea. Akapitisha kidole kwenye midomo ya Shimba, kikatoka cheupe. Mtoto alikuwa anatafuna. Kru, kru, kama mchanga kwenye dagaa wasiooshwa vizuri. Akatazama lile shimo katikati ya jiwe, alilolisugua kwa mikono yake mwenyewe. Siku ile viganja vyake viwili vililijaza. Sasa lilimeza mkono mpaka kifundo.

Hapakuwa na uwele. Jiwe lilikuwa linajisaga lenyewe, na mwanawe alikuwa amelila.

Akamshika Shimba kwapani, akamnyanyua.

Hakunyanyuka.

Akavuta tena, kwa nguvu zote za mwanamke anayeteka maji kila siku. Mtoto hakusogea hata unywele. Alikuwa mzito kama kitu kilichoota pale. Baridi yake ilipanda mikononi mwa Odeta. Naye akamtazama mama yake bila kumfahamu, kisha akageuza uso upande wa pili.

"Mayu," akasema.

Odeta akapiga magoti. Aliwaza jambo moja: nyumbani kwa Chenge jiwe hili lililala kifudifudi. Akaingiza vidole chini ya ukingo wake.

"Umenilishia mtoto, bibi," akanong'ona. "Asante. Tuliokufunua ni sisi, hatukujua. Wanao wameshalala. Lala na wewe."



Akasukuma. Lilikuwa jiwe la wanaume wanne, halikutikisika. Akasukuma huku akilia.

Kando ya vidole vyake vikaja vidole vingine.

Baridi. Vigumu, vyenye sugu za miaka. Vikashika ukingo pamoja na vyake, na jiwe likainuka kama kifuniko cha chungu, likapinduka. Sakafu ikatetemeka. Vumbi likaruka.

Kisha ikabaki mvua peke yake.

Na Shimba akalia. Kilio cha kwanza kwa wiki tatu, kikali, cha mtoto mwenye njaa. Odeta akamnyanyua, na kidogo aanguke chali. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu.

Usiku ule alikula matonge matatu ya ugali kwa mchuzi wa dagaa, kutoka kwenye vidole vya mama yake. Kliniki, nesi alisema mzani wao lazima uliharibika mwezi uliopita. Chenge, alipoulizwa, alisema baba yake alimkataza kulifunua jiwe, naye akadhani ni kwa ajili ya maji ya mvua yasituame yakaleta mbu. Alijua baba yake alizaliwa baada ya njaa. Kwamba kulikuwa na wengine watano kabla yake, hakuwahi kuambiwa. Mwalimu Luhende hakubishana na mtu. Alichukua kadibodi, akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: *Jiwe la Kashindye. Hulala hivi. Tafadhali liacheni.*

Miezi miwili imepita. Shimba anakula, mstari umerudi kwenye kijivu. Majirani humcheka Odeta kwa namna anavyomnyanyua mwanawe asubuhi, mchana na jioni, wanasema mtoto huyu atadeka. Odeta hucheka nao. Hawajui kwamba anampima.

Jana alikuja mgeni wa Mwanza mwenye kamera. Aliomba jiwe lifunuliwe kidogo tu, apige picha ya upande uliolika. Alikuja na vijana watatu wenye nguvu. Mwalimu alikataa kwa upole. Kisha akaitwa nje kupokea barua, akakaa kidogo.

Leo alfajiri Odeta alimnyanyua Shimba kitandani. Akamweka chini. Akamnyanyua tena.

Akachukua ufunguo, akatoka mbio na kanga moja, mtoto mgongoni, akisimama kila hatua kumi kuvuta pumzi. Mlango wa ghala ulikuwa umefungwa kama alivyouacha. Akaingiza ufunguo.

Kabla hajauzungusha, harufu ya unga mpya ilimfikia kutoka chini ya mlango.