Thamani ya Saa Isiyo na Risiti

Fundi saa alikuwa mama wa makamo mwenye mikono isiyotulia. Kila asubuhi alifungua kibanda chake, akawasha taa na kuvaa lenzi jichoni. Kabla ya kulegeza skrubu yoyote, alipiga picha kwa simu. Ndivyo alivyokumbuka kila kipande kilikaa wapi.

"Hata harusi yetu haikupigwa picha nyingi hivi," mumewe alimtania.

"Harusi haikuhitaji kuunganishwa tena."

Siku moja alimrudishia mteja kwa posta saa yake ya ukutani aliyokwisha kuitengeneza, akaikatia bima ya laki tatu. Ilifika kioo kimepasuka na mhimili wa mishale umepinda. Mteja akairudisha ndani ya boksi lake.

"Fundi, nataka thamani ya saa yangu," alisema kwenye simu.

Fundi hakuwa na akiba. Bila fidia, angeuza mashine yake ya kuchongea vyuma, na kazi ingekufa.

Asubuhi iliyofuata mumewe alimkuta ameshaifungua ile saa.

"Mke wangu! Tunakwenda posta kudai fidia ya saa iliyoharibika, nawe unaitengeneza?"

Fundi aliweka koleo chini. Mhimili ulikuwa umenyooka tayari.

Huko posta, binti wa dawati la madai aliwasikiliza. Mume aliegemea kaunta.

"Binti, andika laki tano. Watapunguza wenyewe."

"Baba, bima si mnada. Laki tatu ni kikomo. Hatuvuki hapo, wala hatuvuki thamani mnayoithibitisha. Risiti ya kununulia ipo?"

"Saa ni urithi," fundi alijibu. "Risiti haikuwahi kuonekana."

"Basi mama, muuzaji wa saa kuukuu aandike bei ya saa ya aina hii, kwa umri na hali yake. Atie sahihi na muhuri. Ambatisha risiti ya matengenezo yako. Boksi msitupe." Akaitazama saa. "Ila uharibifu umeshaugusa. Nitauonaje?"

Fundi alimpa simu. Kulikuwa na picha thelathini na moja, kila moja na tarehe yake: saa nzima ikipakiwa, boksi likirudi limebonyea, kioo, mhimili uliopinda kabla koleo halijaugusa.

Binti alizipitia zote, moja baada ya nyingine. Kisha akamwita mkuu wake.

"Mzee, njoo. Miaka sita hapa, sijaletewa dai lenye ushahidi kamili hivi."

Muuzaji aliandika laki mbili na nusu. Baada ya wiki tano, posta ililipa laki mbili na nusu kamili. Mteja akapata haki yake. Mashine ikabaki mezani.

Tangu hapo, saa haitoki kibandani kwa posta kabla thamani yake haijaandikwa na kutiwa sahihi.

Mwaka uliofuata, boksi jingine lilirudi limebonyea. Fundi alipiga picha, kisha mkono ukaifuata bisibisi. Mumewe akaiwahi.

"Mikono mfukoni, mama. Posta waione kwanza."